Chroot Safi Kwanza: Kwa Wajenzi Wapya wa Vifurushi

Wadogo zangu, wiki hii nimemwona tena mjenzi mpya akituma kifurushi cha programu alichokijenga kwenye kompyuta yake ya kila siku, nami siwezi kunyamaza, kwa sababu kosa hilo nimelifanya na nawapenda mno kuwaacha mlirudie.

1. Jengeni ndani ya chroot safi, yaani mfumo mdogo uliotengwa ndani ya kompyuta, usio na chochote cha ziada. Nilipokuwa mgeni nilikijengea nyumbani kifurushi cha Debian (mfumo endeshi wa Linux) cha programu ya kuvuta barua pepe, amri ya kujenga, dpkg-buildpackage, ikamaliza bila onyo, na watumiaji wakafurahi. Miezi kadhaa baadaye kulihitajika marekebisho ya dharura, na safari hii seva ya ujenzi ndiyo iliyokijenga. Asubuhi yake malalamiko yakamiminika kwamba barua haziingii, kwa kuwa programu haikuweza tena kuunganika kwa njia ya TLS, usimbaji unaolinda mawasiliano ya mtandaoni. Niliwajibu watu kwamba seva zao ndizo zenye hitilafu, na jibu hilo linaniuma hadi leo. Usiku wa pili ndipo nilipolinganisha logi (kumbukumbu) mbili za ujenzi: kwangu configure, skripti inayokagua mashine kabla ya ujenzi, iliikuta GnuTLS, maktaba ya TLS, kwenye seva haikuikuta, ikaendelea kimyakimya bila TLS. Kumbe libgnutls28-dev, kifurushi cha kujengea programu zinazotumia GnuTLS, ilikuwa kwenye mashine yangu kwa ajili ya kazi nyingine kabisa, nami sikuwahi kuiandika kwenye Build-Depends, orodha ya vitu ambavyo ujenzi unavitegemea. Laiti ningetumia sbuild, zana ya kujengea ndani ya chroot, tangu siku ya kwanza, chroot yenye build-essential (zana za msingi za ujenzi) na vitegemezi nilivyovitaja tu ingenionyesha upungufu huo kabla ya mtu yeyote kuumia.

2. Msiiachie configure iamue. Andikeni waziwazi kila kipengele mnachokitaka, mathalani --with-gnutls, kwani skripti nyingi zikiamriwa hivyo hukataa kuendelea maktaba inapokosekana, na ujenzi unaokwama mbele yenu ni afadhali mara mia kuliko unaofaulu kwa uongo. Kisha someni logi hata ujenzi ukifaulu! Hili nimelisema mara nyingi, na bado naletewa logi ambazo hakuna aliyezifungua.

3. Hakikini saini ya kidijitali ya msimbo chanzo kabla ya kuufungua.

4. Zimeni mtandao wakati wa kujenga.

5. Jengeni mara mbili, mkilinganisha matokeo kwa diffoscope, zana inayoonyesha tofauti kati ya faili. Tofauti ya kwanza mtakayoiona huenda ikawa tarehe iliyopachikwa ndani ya faili, na hiyo huondolewa kwa SOURCE_DATE_EPOCH, kigezo cha mazingira kinachoweka tarehe moja isiyobadilika, mradi zana zinazoiandika tarehe hiyo zinaiheshimu.