Re: Baba kaacha dawa za moyo, anasema amepona

Salaam ndugu, pole kwa kuuguza. Umeuliza kama mzee, miezi miwili baada ya shambulio la moyo, anaweza kuacha vidonge kwa kuwa kifua hakimbani tena. Hapana, asiache.

Anza na mfuko wa dawa, hesabu vilivyobaki. Baba yangu hapa Ujiji alirudi na vidonge vya aina nne: aspirini ndogo ya miligramu 75, atovastatini ya kushusha lehemu (mafuta kwenye damu), cha kutuliza mapigo na cha presha. Akaacha kimyakimya ile ya lehemu, ati haoni kazi yake. Kweli huioni, lakini ndiyo inayosaidia utando wa mafuta kwenye mishipa usipasuke tena. Tulijua tulipokuta pakiti chini ya godoro! Na kama mzee wako aliwekewa stenti, yaani kijibomba cha kuuweka wazi mshipa wa moyo, dawa za kuzuia damu kuganda asiziache bila daktari wake.

Halafu dikilofenaki, ile dawa ya maumivu. Mgongo ukiuma wazee hukimbilia duka la dawa. Kwa moyo uliokwisha kuumia inaongeza hatari, aulizie parasetamo.

Sigara, aache kabisa. Mawese ndiyo vita yetu Kigoma, yanapandisha lehemu. Hatukuyafuta jikoni, mama anapima kwa kijiko, na samaki wetu migebuka wanachemshwa badala ya kukaangwa. Chumvi kidogo.

Kikohozi kikavu kikimsumbua, huenda ni kidonge cha presha, daktari atambadilishia. Kifua kikibana tena na jasho likimtoka, hospitali saa hiyohiyo, msisubiri kukuche.

Stenti aliwekewa au la?