Kichaka cha asili kisichochanua chini ya miparachichi

Ndugu wa Tukuyu, umeeleza kwamba Tecomaria capensis, kile kichaka cha maua ya rangi ya chungwa kinachoota kwa asili hata huku Nyanda za Juu Kusini, kimesheheni majani chini ya miparachichi yako lakini hakichanui, nawe unauliza iwapo uongeze samadi. Nakushauri usiongeze, kwa sababu samadi nyingi huchochea majani, ilhali tatizo lako, kwa maelezo uliyotoa, ni kivuli kizito: mmea huu huvumilia kivuli chepesi, ila huchanua vizuri pale unapopata jua kwa saa kadhaa kila siku.

Punguza matawi ya chini ya miparachichi upande wa mashariki ili jua la asubuhi lipenye. Yaliyo karibu na nyaya za umeme waachie mafundi wa TANESCO. Kisha pogoa kichaka chenyewe baada ya msimu wa maua, maana maua hutokea kwenye ncha za machipukizi mapya, na maua hayo ndiyo yanayowavuta ndege aina ya chozi bustanini. Kwa mvua za Tukuyu, zinazopita milimita 2,000 kwa mwaka, kumwagilia si hoja. Hakikisha tu maji hayatuami.

Ukitaka miche zaidi, omba vipande vya tawi kwa jirani uvichomeke kwenye mchanga wenye unyevu. Usichimbe miche ndani ya Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Mlima Rungwe bila kibali cha Wakala wa Huduma za Misitu Tanzania (TFS). Majani yakinyauka hata baada ya jua kupenya, mpelekee ofisa kilimo wa kata tawi lenye dalili hizo kabla hujanunua dawa yoyote.