Oili inafika 135 raundi ya tatu, nifanyeje?

SWALI: Fundi mambo? Niko Nakuru, nina Subaru Impreza ya turbo, injini EJ20, nakimbia otokrosi (mbio za kuzunguka njia ya udongo) wikendi tu. Ikifika raundi ya tatu geji ya oili inasoma digrii 135. Nilifunga rejeta ya oili mbele ya ile ya maji, ikashuka kidogo sana, na sasa asubuhi nikienda kazini oili haipiti 65. Jamaa ananiambia nimwage oili nzito ya 20W-50 yaishe. Ni kweli?

JIBU: Poa kaka. Hiyo 20W-50 achana nayo kwanza, oili nzito inajisugua yenyewe ndani ya injini na kuongeza joto, halafu presha inaonekana nzuri kwa geji kumbe mtiririko ni mdogo. Weka sinthetiki ya 10W-40 ama 5W-40, na ubadilishe mapema, usingoje kilomita.

Rejeta yako naona haina makosa, ni hewa tu haipiti ndani yake. Hewa ikishaingia kwa bampa hufuata njia rahisi, inazunguka pembeni na kuacha pezi (vile vibati vyembamba vya rejeta) zikiwa moto, so ziba mianya yote kwa bati ya aluminiamu hadi hewa ikose pa kupita ila katikati, na nyuma yake uiachie njia ya kutoka, watu wengi husahau hii ya pili. Mimi ningeitoa hapo mbele kabisa, maana inapasha moto rejeta ya maji, niiweke kwenye kona ya bampa penye taa ya fogi. Na nyinyi mko karibu mita 1,850 juu ya bahari, hewa yenu nyepesi haibebi joto kama ya Mombasa.

Hiyo 65 ya asubuhi ni kwa sababu hukuweka themostati, ile valvu inayofunguka oili ikipata joto. Tafuta ile sahani ya kufunga kati ya filta na bloku yenye themostati ndani, inapitisha oili kwa rejeta ikishapata joto la 80 na kitu. Oili ikikaa baridi kila siku, maji na petroli zinazoingia humo hazikauki.

Sasa, 135 umeipimia wapi? Kwa sampu (bakuli la oili chini ya injini) ama baada ya rejeta? Ni tofauti kubwa. Sinthetiki nzuri inavumilia 130 kwa muda mfupi, mimi napenda 100 hadi 120. Lakini chunga presha zaidi, oili ikiwa moto, angalau psi 10 kwa kila rpm 1,000.

Na kusema ukweli EJ nyingi haziuliwi na joto peke yake, ni kona ndefu, oili inakimbilia upande mmoja hadi kwa hedi, pampu inavuta hewa, beringi zinaisha, injini inanoki. Kama pesa ni ya kitu kimoja, nunua sampu yenye vizuizi ndani vya kushika oili isikimbie, kabla ya rejeta kubwa zaidi.

Matope ya otokrosi yaoshe siku hiyo hiyo, na usitumie maji ya presha, yanakunja pezi.