Vipuri vya mtumba: vya kununua na vya kuacha

Mlango, boneti, taa, rejeta, stata, alternata: hivi nunua vilivyotumika, na mazingira yatapata nafuu. Kuyeyusha alumini chakavu hutumia takriban asilimia 5 tu ya nishati ya kutengeneza alumini mpya kutoka kwenye madini, na mlango unaohamishwa gari hadi gari hauhitaji hata kuyeyushwa. Renault walianza kukarabati vipuri kiwandani Choisy-le-Roi, Ufaransa, mwaka 1949. Kwa stata na alternata, mwambie fundi azifungue abadilishe brashi na beringi kabla ya kuzifunga kwenye gari. Hizo ndizo huisha kwanza.

Vifaa vya usalama usinunue mtumba. Hapo hatuna mjadala.

Mfuko wa hewa (airbag) hujazwa na gesi ya kemikali inayolipuka, kwa muda usiofika hata sehemu ya kumi ya sekunde. Kemikali hiyo huzeeka. Mamilioni ya magari yenye mifuko ya Takata, kampuni ya Japani, yalirudishwa kwa sababu kemikali yake, nitrati ya amonia, ilidhoofika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, ikawa inalipuka kwa nguvu kupita kiasi. Kopo la chuma lenye kemikali hiyo likapasuka na vipande kuwarukia waliomo. Mfuko wa mtumba ukiutazama kwa macho, huwezi kujua umekaa wapi wala kwa muda gani.

Kama gari liliwahi kugongwa, fungulia swichi bila kuwasha injini. Taa ya mfuko wa hewa kwenye dashibodi iwake sekunde chache, kisha izime. Ikibaki inawaka, kuna hitilafu. Isipowaka kabisa, shuku zaidi: huenda imeondolewa ili kuficha kwamba mfuko haumo.

Kisha vuta mkanda hadi mwisho wake. Tafuta nyuzi zilizokatika na sehemu zinazong'aa kama zimeyeyuka, hasa pale unapopita kwenye pete ya juu. Mkanda huokoa kwa kunyumbuka kidogo; uliokwisha kunyumbuka kwenye ajali hauna tena uwezo huo. Kifaa kinachoukaza nacho hulipuka mara moja tu, kwa hiyo hubadilishwa pamoja nao.

Tairi lina umri wake ubavuni: 2319 mwishoni mwa alama ya DOT ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Kashata nene hazimaanishi mpira ni mzima, kwani hukauka na kupasuka hata tairi likikaa stoo.

Kioo cha mbele chenye kamera kikibadilishwa, kamera isawazishwe upya kwa mashine. Ikipinda kidogo tu, gari hukosea kupima lilipo lililo mbele, na breki ya dharura huchelewa au hujifunga bila sababu.

Mfuko wa hewa ambao haujalipuka usiutupe kwenye vyuma chakavu: anayekata kwa moto anaweza kulipukiwa usoni. Upeleke kwa wavunja magari wenye kifaa cha kuulipua kwa umeme wakiwa mbali.