Msimu wa korosho, mtihani wa Novemba na kompyuta moja

SWALI: Ndugu Mshauri, tunaishi Mikindani, na baada ya malipo ya korosho tumetenga shilingi 800,000 ili tununue kompyuta yetu ya kwanza ya nyumbani. Mume wangu anataka kompyuta mpakato aende nayo Newala, kwenye mikorosho yetu, kwa ajili ya mahesabu ya kila msimu. Mimi ni mwalimu na nitaitumia kutunga mitihani, na binti yetu mkubwa atamaliza kidato cha nne mwakani. Fundi mmoja ametuambia kuwa kompyuta za mezani zimepitwa na wakati, tena umeme ukikatika hazina msaada wowote. Tuchukue ipi?
Mama wa watoto watatu, Mikindani

JIBU: Mama, jambo kubwa katika barua yako ni huo msimu. Minada ya korosho huanza Oktoba, na mtihani wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Kwa hiyo mkinunua mpakato, mashine hiyo itakuwa Newala katika wiki zile zile ambazo binti yako anaihitaji Mikindani. Nimeona katika nyumba nyingi kwamba mpakato humfuata mwenye safari, ilhali kompyuta ya mezani hubaki kuwa ya nyumba nzima. Ushauri wangu ni mchukue ya mezani, na mahesabu ya shambani yaendelee kuandikwa kwenye daftari au simu, kisha yaingizwe kwenye kompyuta baba anaporudi.

Kuhusu umeme, fundi wenu amesema nusu tu ya ukweli. Ni kweli kwamba kompyuta ya mezani huzimika papo hapo umeme unapokatika, na mtihani ulioutunga kwa saa nzima bila kuuhifadhi unaweza kupotea. Dawa yake ni UPS, yaani kifaa chenye betri kinachoshikilia umeme kwa muda, ambayo hata ile ndogo ya VA 650 (VA ni kipimo cha uwezo wake) huweza kuendesha kompyuta ya kawaida na skrini yake kwa dakika chache, muda unaotosha kuhifadhi kazi na kuzima kwa utaratibu. Isihesabiwe kama anasa, bali iingizwe katika zile 800,000 tangu mwanzo. Printa ya leza isichomekwe humo, kwa sababu huvuta umeme mwingi kwa ghafla. Fundi hakuwaambia pia kwamba mpakato wa mtumba mara nyingi huja na betri iliyochoka, kwani betri nyingi za aina hiyo hupungua nguvu baada ya kuchajiwa kikamilifu mara 300 hadi 500, na anayeuza hana namna ya kuificha ila kukuonyesha mashine ikiwa kwenye chaja.

Mtumba ndipo penye mtego mkubwa zaidi, na hapa naomba usome polepole. Microsoft ilisitisha msaada wa kawaida wa Windows 10, mfumo unaoendesha kompyuta nyingi, tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo tafuteni mashine inayokubali Windows 11; na kwa upande wa prosesa (ubongo wa kompyuta) za Intel, Windows 11 inakubali rasmi, isipokuwa chache sana, zile za kuanzia kizazi cha 8. Wauzaji huandika "Core i5" kwa herufi kubwa na kunyamazia kizazi. Wewe tazama namba inayofuata: i5-8500 ni ya kizazi cha 8, lakini i5-4570 ni ya kizazi cha 4, hata kama kasha lake linang'aa kama jipya. Kumbukumbu (RAM) isipungue gigabaiti 8, na diski iwe SSD, yaani ile isiyo na sehemu inayozunguka, kwa sababu diski ya zamani inayozunguka huifanya hata prosesa nzuri ionekane mzigo.

Ninyi mnaishi kando ya bahari, na hewa ya chumvi hula vyuma vya ndani taratibu. Msiiweke mashine kwenye dirisha linaloelekea ghubani. Uzuri wa kasha la mezani ni kwamba fundi hulifungua, akapuliza vumbi, akachomoa kipande cha kumbukumbu na kukisafisha kwenye migusano kwa kifutio cha mwanafunzi. Kibodi ikimwagikiwa chai, inanunuliwa nyingine, ilhali katika mpakato chai hiyo hiyo inaweza kufika kwenye bodi kuu na kumaliza mashine. Na vile vitambaa vya kufuma tunavyopenda kufunikia televisheni, kompyuta ivishwe ikiwa imezimwa tu, kwa maana ikiwaka inahitaji kupumua.

Mkiagiza kutoka Kariakoo, kumbukeni kwamba mzigo utasafiri zaidi ya kilomita 500 kwenye basi. Skrini ifungwe peke yake ndani ya sponji, na kabla ya kumalizia malipo, mwombeni muuzaji awatumie picha ya video inayoonyesha mashine ikiwa imewaka, pamoja na ukurasa wenye jina kamili la prosesa.