Nyonga ishabadilishwa, kodi ya kuandika kwenye faili ni Z96.6, siyo M16 tena
Umeuliza kodi ya ICD-10 (orodha ya kodi za magonjwa) ya mgonjwa aliyebadilishwa nyonga: andika Z96.6 ndugu, yaani ana kiungo bandia, M16 ya nyonga iliyosagika ni ya kabla, mgonjwa akishawekewa kiungo bandia akirudi kliniki ule usagikaji haupo tena, wameshautoa pamoja na kichwa cha mfupa. Sema kama nyonga ya pili nayo imesagika hiyo inabaki M16, ndo maana nawaomba sana madaktari waandike kulia au kushoto kwa maneno, maana ICD-10 ya WHO kwenye kodi hizi haionyeshi upande, zile Z96.641 ya kulia na Z96.642 ya kushoto mnazoziona mtandaoni ni za toleo la Marekani. Nipo kitengo cha kumbukumbu hapa Dodoma, faili nyingi zinakuja zimeandikwa "maumivu ya nyonga" basi, sasa hapo ntajuaje kama kiungo bandia kimelegea, wakati hiyo kodi yake ni T84.0, ya hitilafu ya kiungo bandia, tena huyo mgonjwa anaweza kuhitaji kurudi tieta, chumba cha upasuaji. Na kama alibadilishwa sababu alivunjika shingo ya paja, kwenye faili la upasuaji ni S72.0, siyo M16.