Usiende Coco asubuhi kabla hujauliza maji

Mkuu, futa hiyo ratiba ya matembezi ya Dar es Salaam uliyoiweka hapa. Coco Beach saa tatu asubuhi, Makumbusho ya Taifa mchana, Jumamosi, na mwenyewe umeandika kwamba mnakuja na bibi kutoka Singida ambaye hajawahi kuona bahari, na kwamba rafiki yako alikwenda asubuhi akafurahi. Mwezi umeutazama? Jumamosi hiyo ni mwezi mpevu. Mtafika mkute bahari haipo.

Mimi yalinikuta mwaka juzi. Nilimleta mama mkwe kutoka bara, nikakodi Noah ya siku nzima, watoto watatu nyuma. Kijana aliyetukodishia gari alijitapa kuwa mwenyeji wa Pwani, akanishauri: "Anzeni na bahari kabla jua halijawa kali, makumbusho yana kivuli, mtaenda mchana." Nikamwamini. Tulifika Coco saa nne na nusu. Maji yamekupwa huko mbali, mbele yetu ni miamba ya matumbawe, mwani na vidimbwi. Mama mkwe amejifunga khanga mpya, ameshika chupa tupu ya kuchotea maji ya bahari awapelekee wenzake kijijini. Akasimama kimya, kisha akaniuliza taratibu, "Baba, bahari yenyewe ndiyo hii?"

Sikuwa na jibu.

Watoto wakakimbilia vidimbwini. Wa kati akakanyaga jiwe kali, unyayo ukachanika. Zahanati, foleni, nyuzi nne, sindano, dawa. Tulipotoka, muda wa makumbusho ulishakwisha na dereva anadai gari lina mteja jioni. Tukarudi nyumbani kwa Daraja la Tanzanite, lile lililofunguliwa 2022, na saa kumi hiyo bahari ilikuwa imejaa pande zote mbili. Mama mkwe aliiona kupitia dirishani, kwa dakika moja na kidogo, chupa yake tupu mapajani.

Yule kijana bado ananikera. Mtu anakula kwa kupeleka watu baharini halafu hajui maji yanajaa saa ngapi! Mvuvi yeyote wa Msasani angeniambia bila kunidai hata mia.

Kwa hiyo shika hili moja: ULIZA MAJI KWANZA, mengine yote yapange baadaye. Bahari hapa inajaa mara mbili na kukupwa mara mbili kwa siku, na kila siku saa zinasogea mbele kama dakika 50. Mwezi ukiwa mpevu au ukiandama ni bamvua: maji yanakupwa sana kati ya saa nne na saa tano asubuhi, halafu yanajaa sana kwenye saa kumi jioni. Wiki moja baadaye ni maji mafu, yaani hayajai wala kukupwa sana, na saa zinageuka, asubuhi hiyo hiyo ndiyo unakuta yamejaa. Ndiyo maana rafiki yako aliyekwenda asubuhi akafurahi hakukudanganya, alibahatika siku.

Jumamosi yako basi igeuze. Asubuhi nendeni Makumbusho, mtaa wa Shaaban Robert, mkasome habari za Zinjanthropus, fuvu la kale ambalo mtafiti Mary Leakey alilipata Olduvai 1959. Umesema mnapenda michoro: mkitoka hapo piteni kwa wachoraji wa mtindo wa Tingatinga pale Morogoro Stores, Oysterbay, ni karibu kabisa na Coco. Edward Saidi Tingatinga, mwanzilishi wake, alifariki 1972 na watu wanaendeleza mtindo wake mpaka leo, utawaona wakichora mbele yako. Ikifika saa tisa teremkeni ufukweni, mnunue mihogo, bibi akae karibu na maji yanavyopanda mpaka yamfikie miguuni.

Viatu vya watoto msivue kwenye miamba. Na mpe bibi chupa.

Ukibadilisha tarehe niandikie hapa hapa, nikupigie hesabu ya maji ya siku hiyo.